Kabla hatujaanza kuuziana sarafu za prufu humu

Wakuu habari zenu, naona watu wanaposti sarafu na alama za vidole zinaonekana kabisa, jamani prufu (zile sarafu za wakusanyaji zilizotengenezwa kwa namna maalumu, uso unang'aa kama kioo) haishikwi usoni, shika ukingo tu, ukiwa na glavu za pamba ndo vizuri zaidi, na usiifute hata kwa kitambaa laini maana ule uso wa kioo ukishapata mikwaruzo ndo basi tena.

Alafu prufu sio gredi. Ni namna ilivyotengenezwa, kipande cha madini kisichogongwa bado kinang'arishwa kwanza, muhuri wa kugongea nao unang'arishwa, kisha inagongwa zaidi ya mara moja, ndo maana sehemu tupu inayozunguka picha inang'aa na picha inakuwa nyeupe kama imepigwa ukungu. Gredi ni habari nyingine, hiyo ni alama ya hali ya sarafu, inaanzia 1 inaishia 70.

Kwa mnaowekeza sasa, sarafu ya Silver Eagle ya Marekani iwe prufu iwe ya kawaida ndani ni wakia moja ileile, gramu 31.1 za madini ya fedha, ila prufu unalipia juu zaidi na hiyo nyongeza hairudi eti kwa sababu bei ya madini ya fedha imepanda, inarudi ukipata mkusanyaji anayeitaka, tena awe ameona boksi na cheti cha uhalisi. Mi anayetaka uzito tu namwambia achukue za kawaida (najua kuna watu watanuna).

Kuuziana tunaanza Ijumaa, picha mbele, nyuma na ukingo. Zilizo kwenye plastiki laini za PVC zitoeni mapema, zinaacha utando wa kijani. Kama huna cheti sema mwanzoni, sio mtu ameshalipa.