Sahani za Zidakani: Barua kwa Bakari

Mji wa Kale, Mombasa
9 Februari

Swahibu yangu Bakari,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, mama watoto na wote hapo Lamu hamjambo. Sisi wazima, alhamdulillahi. Picha zako zimefika, nami nimezitazama moja moja. Unataka kujua zipi katika sahani na mabakuli ya bibi, yale ya zidakani (vishubaka vya ukutani), ni za kale hasa, kabla hujamjibu binamu yako wa Muscat anayezitaka. Nivumilie, jibu ni refu kidogo.

Kitu kinachowakosesha watu ni kuiuliza chapa, yaani alama ya kiwanda iliyo chini ya chombo, swali isiloliweza. Chapa ya kitakoni haikwambii sahani ilifinyangwa lini. Inakwambia haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka fulani, basi. Kwa hiyo usikimbilie neno linaloonekana la kale. Tafuta kwenye chapa ile dalili iliyochelewa kuliko zote, maana hiyo ndiyo inayoamua. Ukiona "1790" pamoja na maneno "Made in England", wa kuaminiwa ni hayo maneno, kwani aghalabu mwaka kama huo ni wa kuanzishwa kiwanda. Maneno hayo yalienea karne ya 20.

Kabla ya kusoma, osha. Tandika taulo ndani ya beseni la plastiki, maji ya uvuguvugu, matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, mswaki laini. Usitie jiki hata tone. Vyombo vya udongo vina nyufa ndogo kama mtandao kwenye ule utando wa kioo wa juu. Jiki hupenya humo, huacha chumvi ndani ya udongo, na chumvi ikikauka hutanuka ikaubandua utando vipande vipande. Siki na ndimu nazo weka mbali, zinaweza kuharibu dhahabu ya ukingoni na rangi zilizopakwa juu. Zile mbili zilizobanduliwa ukutani zina chokaa: zifunike kwa kitambaa chenye maji nusu saa, kisha kwangua taratibu kwa kijiti cha mwanzi, si kwa kisu. Na ile kubwa nyeupe ambayo bibi akiandikia kombe, doa lake la zafarani liache lilivyo. Halimdhuru mtu, na ni sehemu ya habari ya chombo.

Sasa tenganisha kauri na udongo. Washa tochi nyuma ya sahani, upitishe vidole kati yake na mwanga. Ukiona kivuli cha vidole, ni kauri. Usipokiona, ni udongo au ni kauri nene sana, kwa hiyo tafuta palipomeguka upaguse kwa ncha ya ulimi. Udongo hunata ulimini, kauri hainati. Hili ni muhimu kwa sababu chapa ya Kichina juu ya chombo cha udongo mweupe wa Ulaya ni pambo tu.

Chapa zenyewe hutiwa kwa njia tofauti. Iliyokandamizwa kwenye udongo mbichi huonekana vizuri ukimulika tochi kwa ubavu, karibu ilale juu ya sahani. Ikiwa bado hafifu, weka karatasi nyembamba juu yake upitishe penseli laini, herufi zitajitokeza zenyewe. Iliyochapwa chini ya utando huwezi kuihisi kwa ukucha. Iliyochapwa juu ya utando unaihisi, na hiyo ndiyo rahisi kuongezwa na mjanja miaka mingi baadaye.

Nije kwenye sahani yako ya buluu, picha ya tatu, ambayo umeniandikia "ina kitu kama tiara". Hiyo tiara ni alama ya Uingereza ya kusajili muundo, iliyotumika tangu 1842 hadi 1883, na ndiyo chapa yenye maneno mengi kuliko zote. Kichwani ina duara lenye IV, yaani daraja la vyombo vya udongo na kauri. Katikati ni Rd, ufupisho wa "Registered", yaani imesajiliwa. Kwenye pembe kuna herufi na namba, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa kwa sababu mpangilio uliwahi kubadilishwa, mara moja tu. Tazama chini tu ya lile duara. Ukikuta herufi, alama ni ya 1842 hadi 1867: juu ni mwaka, kushoto mwezi, kulia siku, chini ni namba ya furushi la usajili. Ukikuta namba, ni ya 1868 hadi 1883: juu ni siku, kulia mwaka, chini mwezi, kushoto furushi.

Herufi za miaka hazifuati alfabeti. Kuanzia 1842 zinakwenda hivi, mwaka kwa mwaka: X H C A I F U S V P D Y J E L K B M Z R O G N W Q T, ya mwisho ikiwa 1867. Mwaka 1868 wakaanza tena na X kwa mfuatano uleule hadi K ya 1883. Miezi, Januari hadi Desemba, ni C G W H E M I R D B K A. Nakili mistari hii miwili nyuma ya daftari lako, inatosha kwa maisha.

Kwenye sahani yako, juu nasoma R, kushoto I, kulia 18, chini 3. R ni herufi ya 20, basi 1861. I upande wa mwezi ni Julai. Muundo ulisajiliwa tarehe 18 Julai 1861. Lakini tazama tena hiyo R kwa lenzi ya sonara, ile inayokuza mara 10, kwa sababu utando umejaa ndani ya herufi, na B iliyozibwa namna hiyo hufanana na R. Ingekuwa B, tungekuwa 1858. Na hata ikiwa R kweli, hiyo ni siku ya kusajiliwa muundo. Ulinzi wake ulikuwa miaka 3, na kiwanda kiliweza kuendelea kuchapa sahani zilezile baada ya hapo. Tarehe kamili na furushi ukivijua kwa hakika, jina la aliyesajili linapatikana kwenye madaftari yaliyohifadhiwa Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew.

Tangu 1884 tiara iliachwa, pakaja "Rd No" na namba iliyoanzia 1. Mwaka 1885 ulianza na 19754, 1890 na 141273, 1900 na 351202. Kikombe chako cha picha ya saba kina Rd No 290 na kitu, tarakimu sita, kwa hiyo kiko ndani ya miaka ya 1890. Nipigie picha nyingine ya hizo tarakimu.

Mabakuli matano ya maua yaliyogongwa kwa sponji ni ya Maastricht, Uholanzi. Pwani yetu yalifika mengi, vipande vyake huokotwa hata kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja. Hapa jina la kiwanda ndilo saa yako. Petrus Regout alianza ufinyanzi 1836. Sphinx, yule mnyama mwenye kichwa cha mtu, aliingia kwenye chapa karibu na 1880, na mwaka 1899 kampuni yenyewe ikaitwa De Sphinx. Jirani na mshindani wake, Société Céramique, alichukua jina hilo 1863 na akaunganishwa na Sphinx 1958. Usishtuke ukiona "Maestricht" kwa e, ni tahajia ya Kifaransa tu. Mabakuli yako matatu yana sphinx pamoja na jina la Regout, mawili yana Société Céramique. Hayo mawili yana dirisha la miaka 95, na kwa chapa peke yake siwezi kulibana zaidi.

Kuna kanuni moja utakayoisikia kila pahala: jina la nchi likiwepo ni baada ya 1891, lisipokuwepo ni kabla. Nusu ya kwanza inafaa kama kipimo cha haraka. Nusu ya pili, kwa huku kwetu, ni potofu. Jina la nchi lilidaiwa na sheria ya ushuru ya Marekani kwa bidhaa zinazoingia Marekani. Bakuli lililopakiwa kuja Zanzibar au Lamu halikudaiwa kitu. Kwa hiyo "England", "China" au "Nippon" ikiwepo, chukua 1891 kwenda mbele, na "Nippon", yaani Japani, nafasi yake ilichukuliwa na "Japan" 1921. Isipokuwepo, usiseme neno.

Majina nayo yana mitego. "Wedgwood" mtupu, lililokandamizwa, ni la Josiah Wedgwood na wanawe. "Wedgwood & Co" ni kiwanda kingine kabisa cha Tunstall. "Wedgewood", kwa e ya katikati, ni la William Smith wa Stockton aliyekuwa akivizia wasiosoma vizuri. Na neno "Willow" kwenye utepe ni jina la picha, si la mfinyanzi.

Kuhusu bakuli la Kichina, la picha ya kumi: herufi za enzi husomwa kutoka juu kwenda chini, ukianza safu ya kulia. Zikiwa sita, mbili za kwanza ni ukoo wa kifalme, mbili zinazofuata ni mfalme, mbili za mwisho ni "ilitengenezwa enzi ya". Zako ni nne, yaani ukoo wameuacha, zinamtaja Kangxi aliyetawala 1662 hadi 1722. Mimi siamini. Mwishoni mwa karne ya 19 chapa ya Kangxi ya herufi nne iliandikwa kwa wingi mno juu ya vyombo vya biashara, kwa heshima ya wazee zaidi kuliko kwa wizi. Mabakuli ya kweli ya zamani kwenye nguzo za makaburi ya Mambrui au Kunduchi hayadaiwi chapa. Yanahukumiwa kwa udongo, buluu yake na kitako. Geuza lako unipigie picha ya pete ya kitako isiyo na utando.

Pete hiyo inasema mengi. Mikwaruzo ya miaka ya kuwekwa na kuondolewa huenda kila upande, mingine mirefu mingine mifupi. Ya msasa, ya kughushi uzee, huenda upande mmoja. Chini ya ukingo wa sahani za udongo za Ulaya tafuta vidoa vitatu vitatu, ni alama za vigingi vilivyoishika tanurini. Na picha iliyochorwa juu ya chombo ikikuzwa kwa lenzi ikaonyesha nukta za mpangilio mmoja kama za gazeti, hiyo ni uchapaji wa kisasa hata chapa ikisema nini.

Hili la binamu sasa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa mambokale kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, vitabu na hati zikitolewa. Kukitoa nchini kunataka kibali. Sahani ya buluu iweke upande wa mambokale. Mabakuli ya Maastricht na la Kichina hayana cha kuthibitisha kuwa yaliingia baada ya mwaka huo, yaweke huko huko. Kikombe kinangoja tarakimu. Usifunge sanduku lolote kabla hujazionyesha Makumbusho ya Lamu, na kila picha iwe na rula pembeni na namba uliyoiandika kwenye karatasi, si kwenye sahani.

Picha ninazozingoja ni tatu: ile R, tarakimu za kikombe, na kitako cha bakuli la Kichina. Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Athmani

N.B. Usiweke namba kwa selotepu. Ikibanduliwa huondoka na dhahabu.