Nani atakaa kitini?

Tanga, Jumatano usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, isipokuwa miguu ya bibi yako, nayo nitaieleza mbele. Nimeona nikuandikie kwa sababu ulipopiga simu jana ulikuwa na haraka, na kuna neno ulilisema likanikosesha usingizi, ingawa wewe huenda hukulitilia maanani. Ulisema kwamba Jumatatu, katika kipindi chako cha kwanza cha picha za sura na mpangilio wa taa, utamkalisha kitini yule mwanafunzi wa maji ya kunde kwa kuwa taa zinamkubali, ili wenzake waone matokeo mazuri mapema wasije wakakata tamaa. Nilikuitikia "sawa mama, Mungu akutangulie", tukaagana. Nimekaa nalo tangu jana na ninaona kwamba haikuwa sawa, na mimi sikupaswa kuitikia.

Usidhani kwamba sifurahi. Tangu chuo kilipokuajiri nimewaeleza majirani wote, na shangazi yako wa Pangani nimempigia mara mbili. Ninajua umesoma kuliko mimi na marehemu baba yako tukijumlishwa pamoja. Lakini darasa lako, kama ulivyosema, lina wanafunzi 30, na wengi wao ni weusi kama mimi na wewe. Siku ya kwanza watashika mambo ambayo hukukusudia kuwafundisha. Watashika kwamba zipo sura ambazo taa huzipokea kwa urahisi na nyingine ambazo ni taabu ya muhula wa pili, na yule msichana mweusi aliyekaa nyuma atarudi bwenini akiwa ameshajua yeye yuko upande gani. Taa haimkubali mtu wala haimkatai. Ni aliyeiweka ndiye ameamua iwekwe kwa ajili ya nani.

Kamera zenu, pamoja na ubora wake wote, bado hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye kilicho mbele yake, na kipimo chenyewe kimejengwa kwa kudhani kwamba kila fremu, weupe na weusi wake ukichanganywa, hutoa kijivu cha kati, kile ambacho kwa desturi huhesabiwa kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga. Mkalishe basi mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe, uiachie kamera ijiamulie: itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utazama. Ukijaza fremu kwa uso huo peke yake, itauongezea mwanga mpaka ufanane na majivu. Makosa yote mawili ni ya kipimo, na mwanafunzi anatakiwa ayaone kwa macho yake siku ile ile ya kwanza, kabla hajafundishwa na mtu mwingine kwamba kosa liko kwenye ngozi. Wafundishe kukishika kipima mwanga cha mkononi karibu na kidevu cha anayepigwa picha, wapime mwanga unaomwangukia. Kama chuo hakina chombo hicho, wapime usoni kwa karibu, kisha wapunguze stopu moja, yaani nusu ya mwanga, au zaidi kidogo kwa aliye mweusi sana, ndipo sura ibaki katika rangi yake.

Halafu taa iwe moja tu kwa majuma mawili au matatu. Najua una hamu ya kuwaonyesha zote nne ambazo chuo kimenunua, ila mwenye taa nne hajui ni ipi iliyoharibu. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao unaopita kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu na juu ya pua, na flashi tupu, kwa kuwa ni ndogo, huuvunja mng'ao huo ukawa vidoa kama vya mafuta, kisha mpiga picha asiyejua sababu hukimbilia poda. Taa kubwa iliyosogezwa karibu na kuwekwa ubavuni, hata ikiwa ni dirisha lililotandazwa shuka jeupe, huulainisha ukafuata shavu lote. Upande wa pili weka ubao mweupe, na pazia la nyuma lisiwe jeusi mpaka wajifunze kutenganisha nywele na giza.

Baba yako hakuyasoma haya popote. Walipokuja studioni kwetu maharusi wasiolingana rangi, alimweka aliye mweusi zaidi upande wa taa na mwenzake akamsogeza mbali kidogo, kwa sababu mwanga hupungua upesi kwa umbali, na aliye mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya anachopata aliye mita 1. Wanafunzi wako waipime hesabu hiyo kwa kamba na kwa uso wa mtu, kwa kuwa ubaoni wataikariri na watakapofika ukumbini kwenye harusi wataisahau.

Meza yangu ya kioo unaikumbuka, sina haja ya kuieleza. Nadhani hukuwahi kuelewa nilikuwa nikifanya nini pale, kwa sababu sikutaka uelewe. Katika negativu, ile filamu ambamo palipo peupe huonekana peusi, sehemu iliyo wazi ndiyo hutoka nyeusi kwenye karatasi, kwa hiyo ukiipaka penseli kwa ncha nyembamba sana, mwanga hauipiti vizuri na pale hutoka peupe. Kazi hiyo iliwekwa kwa ajili ya chunusi, makovu na uvimbe wa chini ya macho. Mimi niliendelea mpaka kwenye mashavu na paji zima. Wateja waliomba, na wengi wao walinishukuru, lakini walikuwapo ambao hawakuomba. Baba yako aliutafuta uso wa mtu kwa taa siku nzima, nami usiku niliubadilisha kwa penseli, naye hakusema kitu, kwa sababu picha zilinunuliwa na kodi ya chumba ilikuwa haingoji.

Alikuja mzee mmoja wa Muheza, amefiwa na mkewe, akataka tumsafishie upya picha ambayo marehemu alipigwa kwetu miaka kadhaa nyuma. Alipopewa aliitazama muda mrefu, akasema mkewe hakuwa hivi. Niliitoa ile negativu na kuifuta penseli kwa tapentaini mpaka ikatoka, ila kwenye nyusi na kando ya pua nilikuwa nimekwangua kwa wembe, na palipokwanguliwa hapakurudi. Aliichukua picha ya pili, akalipa, wala sikumwona tena. Hakuwa na picha nyingine ya mkewe. Na ile yako ya kuanza darasa la kwanza, ambayo uliniuliza mara moja kwa nini umetoka mweupe kuliko dada yako, nikakujibu kwamba ni karatasi: haikuwa karatasi.

Ilipokuja filamu ya rangi niliiweka penseli chini, na kazi ile ile ikahamia kwenye mashine. Katika maabara tuliyokuwa tukipeleka filamu zetu palikuwa na kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu iliyobandikwa kando ya mashine, na rangi za watu wote wa Tanga zililinganishwa na uso wake. Miaka mingi baadaye nikasoma aliyoyaandika mtafiti Lorna Roth wa Canada, kwamba kadi za namna hiyo zilienea dunia nzima, zikiitwa kadi za Shirley kwa jina la mwanamke aliyepigwa picha ya mwanzo, na kwamba Kodak, kampuni ya filamu, ilianza kuboresha jinsi filamu inavyoonyesha rangi za kahawia baada ya kulalamikiwa na wenye biashara ya chokoleti na ya samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zitofautiane kwenye matangazo. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990. Yule unayetaka kumkalisha kitini Jumatatu, mwanangu, ndiye Shirley wa darasa lako, na wenzake 29 watalinganishwa naye hata kama hukulitamka neno hilo.

Nakuuliza tena, basi, nani atakaa kitini?

Nina sababu ya kukuuliza. Picha za harusi ya binamu yako ulizotutumia, shangazi zako wote watano wametoka rangi moja, na ulipoulizwa ukasema programu ya simu ndiyo iliyofanya hivyo yenyewe. Nilinyamaza, kwa kuwa najua ni wapi ulikoona jambo hilo likifanywa tangu mdogo. Kunyamaza kwangu kusikufanye udhani kwamba nilizipenda. Una jicho zuri kuliko baba yako, na nilikwisha kukwambia hivyo, ila unapochoka unapenda njia fupi, na darasani utachoka.

Wakae wote kwa zamu, kila mmoja apigwe na apige, na aliye mweusi kuliko wote asiwe wa mwanzo kwa kuonyeshwa kama hesabu ngumu, wala asiwe wa mwisho. Waonyeshe picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako kule Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948 na kufanya kazi kwa mwanga wa jua, mara nyingi kwa bonyezo moja tu kwa kila mtu, na za hapa kwetu pwani, za Capital Art Studio ya Unguja iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na za Omar Said Bakor wa Lamu. Wazitazame mboni za macho, waseme cheche ya mwanga imekaa penye saa ngapi, kana kwamba mboni ni uso wa saa, na kutokana nayo waieleze taa au dirisha lilikuwa wapi. Kipindi kizima kinaweza kwisha kwa zoezi hilo bila kuwasha kamera. Tena usimruhusu mwanafunzi kumshika mtu kidevu au kumrekebisha mtandio bila kuomba. Amwonyeshe kwa mkono wake mwenyewe, naye atageuka. Nawe vaa nguo nyeusi unaposimama karibu na anayepigwa picha, kwani gauni lako la manjano litamwagia rangi shavuni mwake.

Sasa ya nyumbani. Bibi yako miguu imemvimba tena, daktari amempunguzia chumvi na yeye hataki kusikia. Bati la stoo limetoboka upande wa mwembe, na maji ya mvua ya juzi yalifika kwenye rafu ya chini yalipo masanduku ya negativu. Nimeyahamishia chumbani kwako, juu ya kitanda, hivyo ukija utalala na dada yako. Fundi ametaja shilingi 120,000 pamoja na misumari. Ukiweza kuchangia nusu nitashukuru, usipoweza nitasubiri pesa ya nazi. Idd hukuja na sikukulaumu kwenye simu, ila bibi yako alikuwekea kaimati mpaka siku ya tatu. Dodoma nasikia usiku una baridi, na blanketi umeliacha hapa.

Blanketi hilo nimekizungushia kigoda cha baba yako cha studio, nikakifunga kwa gunia na kamba, nacho kitapanda basi la Ijumaa alfajiri. Kondakta nimemlipa, usimpe kitu. Mguu mmoja umelegea, mpelekee seremala kabla ya Jumatatu. Nilitaka kibaki hapa, ila nimefikiri kwamba siku ile ya kwanza ungeanza kwa kukikalia wewe mwenyewe mbele yao, usoni bila poda, na umwambie yule msichana wa nyuma aje asogeze taa mpaka akuone. Kisha ubadilishane naye. Picha zote mbili nitumie kama zilivyotoka kwenye kamera, usizirekebishe, hata ile ambayo taa itakuwa imekosewa.

Nipigie ukishakipokea.

Mama yako