Mpwangu, kabla hujaivua kola

Mpwangu,

Mamako ameniambia unataka kuacha uchungaji ukafundishe Agano Jipya chuoni, kwa kuwa kazi hizo mbili haziivi chungu kimoja. Sikuzuii. Ila kuna mtu nataka umjue kwanza.

Kenneth Bailey alikuwa Mmarekani, mchungaji wa Kipresbiteri na profesa wa Agano Jipya. Tangu 1955 hadi 1995 aliishi na kufundisha Misri, Lebanon, Yerusalemu na Kupro. Alifariki 2016. Udaktari alikuwa nao, lakini elimu yake nyingine aliipata kwa kukaa na wanavijiji na kuwauliza maswali kwa Kiarabu. Swali moja, la mfano wa mwana mpotevu, alitembea nalo zaidi ya miaka 15: mwana akidai urithi babake angali hai, maana yake nini? Kila alikouliza jibu lilikuwa lile lile. Anataka babake afe.

Nikalijaribu hapa Mji wa Kale, kwa mzee mmoja wa barazani tunaponywa kahawa chungu. Aliweka kikombe chini, kashata ikabaki nusu. "Huyo hamtaki babake duniani." Nikamwambia kwamba baba, alipomwona mwana anarudi, alikwenda mbio kumlaki. Mzee akaishika kanzu yake magotini, akaitazama. "Mbio? Na kanzu? Mbele za watu?" Akacheka, kisha akanyamaza. Bailey ameandika sana juu ya mbio hizo: mzee wa heshima hakimbii, na akikimbia hana budi kupandisha nguo, miguu ionekane, aibu ya mwana aibebe yeye. Mzee wangu, Mwislamu wa swala tano, alifika hapo kahawa haijapoa.

Wako wanaomkosoa kwamba desturi za kijiji cha juzi si ushahidi wa karne ya kwanza. Hoja ina uzito, nawe utaipima kuliko mimi.

Lakini soma Luka 2:7. Biblia yetu ya Union inasema Yusufu na Mariamu hawakupata nafasi katika "nyumba ya wageni". Kigiriki ni kataluma, neno lile lile la Luka 22:11, pale Yesu anapoulizia chumba cha kulia pasaka. Gesti ya kulipia, kama ile ya mfano wa Msamaria mwema, Luka anaiita kwa neno jingine. Kwa Bailey, basi, chumba cha wageni kilikuwa kimejaa, wakakaribishwa ndani kwa wenye nyumba, ambako hori nazo zilikuwamo, maana mifugo ililala humo humo usiku. Hakuna aliyewafukuza.

Wewe unaijua hali hiyo. Matanga ya bibi yako kule Kisauni, chumba cha wageni kilijaa wazee, ukatandikiwa mkeka sebuleni katikati yetu, miguu ya binamu yako usoni. Nani alikwambia hakuna nafasi?

Na bado Krismasi ukiwa na miaka tisa ulicheza mwenye gesti kanisani, kofia ya babako imekufunika macho, ukipiga kelele "Imejaa! Nendeni!" Tulikupigia makofi sana.

Mwaka huu mchezo nimepewa mimi kuusimamia. Mtoto wa kucheza mwenye gesti ameshapatikana, maneno ameshayakariri, na mamake amemshonea kanzu. Njoo Desemba, uwe mchungaji au profesa, umwambie wewe.

Mjomba wako,
Mombasa