Taji la 1979 ni la Seattle

Mhariri,

Ukurasa wenu wa michezo uliandika juzi kwamba Oklahoma City Thunder, mabingwa wa 2025 wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, walitwaa "taji lao la pili" baada ya lile la 1979. Kwa hesabu za ligi hamjakosea. Ila 1979 Oklahoma haikuwa na timu yoyote ya NBA, na msomaji hakuambiwa hilo.

Nina jezi nyumbani inayonikera kila nikisoma habari ya namna hiyo. Niliichomoa kwenye rundo la mitumba pale Kibuye Jumapili moja: ya kijani, imeandikwa Payton mgongoni, nambari 20, shingo imeshalegea. Nilipoanza kuvutana bei, muuzaji akacheka. "Mzee, leta mia mbili tu. Hiyo timu haiko tena, vijana wanataka Curry."

Timu yenyewe ni Seattle SuperSonics, iliyoanza 1967. Mwaka wa 1978 ilipoteza fainali kwa Washington Bullets katika mechi ya saba. Mwaka uliofuata ikakutana na Bullets walewale ikawalaza kwa mechi 4-1, kocha akiwa Lenny Wilkens. Hilo ndilo taji mnalowahesabia watu wa Oklahoma. Mwaka wa 1994 iliongoza ukanda wa magharibi, kisha ikabanduliwa raundi ya kwanza na Denver walioshika nafasi ya nane. Wa rika langu hawajasahau Dikembe Mutombo, Mkongo aliyechezea Denver, alivyolala chali sakafuni ameuinua mpira kwa mikono miwili. Mwaka wa 1996 ilishinda mechi 64 kati ya 82, lakini kwenye fainali ikamkuta Michael Jordan na Chicago Bulls yake, ikashindwa.

Mwaka wa 2006 klabu iliuzwa kwa matajiri wa Oklahoma kwa dola milioni 350. Walidai uwanja mpya, wakaukosa. Miaka miwili baadaye wakalipa jiji la Seattle dola milioni 45 kuvunja mkataba wa uwanja, wakafunga virago, timu ikahamia Oklahoma City ikawa Thunder. Jina na rangi za kijani na manjano viliachwa Seattle.

Sisi wa magharibi mwa Kenya jambo hili tunalielewa. Klabu ya soka ya Abaluhya ilipogeuka AFC Leopards mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni jina tu lililobadilika. Waliokuwa wakiimba uwanjani walibaki walewale, na mataji yao wakabaki nayo. Seattle mambo yamepinduka: watu wamebakiwa na jina, wachezaji wakapandishwa ndege.

Siwachukii Thunder. Msimu wao wa kwanza walishinda mechi 23 tu. 2012 Miami iliwatandika 4-1 kwenye fainali, na 2016 nyota wao Kevin Durant akawahama. Walipoifunga Indiana 103-91 katika mechi ya saba, nilikuwa macho saa tisa usiku hapa Kondele, sauti ya televisheni nimeibana nisiwaamshe majirani. Taji lile walilitolea jasho, halihitaji kuazimiwa lingine la kulisindikiza.

Kwa hiyo mara nyingine andikeni: la kwanza kwa Oklahoma City, la pili kwa klabu iliyotoka Seattle. Na Durant hakuanzia Oklahoma kama mlivyodai katika habari hiyohiyo. Msimu wa 2007-08 aliucheza akiwa amevaa jezi ya Seattle.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu