Kwa Khamis, kuhusu kikundi chenu cha taarabu

Unguja

Sahibu yangu Khamis,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima na watu wa nyumbani hawajambo. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Barua yako imenifurahisha sana. Mtaa mzima kukusanyika jioni baada ya kazi kupiga taarabu, hilo jambo la heri. Wala msione haya kwamba hakuna aliyesomea muziki. Ikhwani Safaa ilipoanzishwa hapa mwaka 1905 ilikuwa klabu ya watu wenye shughuli zao, na Culture Musical Club ya 1958 vivyo hivyo: mchana kazini, usiku klabuni.

Umeuliza mwanze na ala gani. Anzeni na kidumbaki, ile taarabu ya kikundi kidogo: fidla moja, vidumbaki viwili (ngoma ndogo), sanduku la kutoa sauti nzito ya besi, cherewa za kutikisa, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), na mwimbaji mwenye pumzi. Hata wapigaji wa klabu kubwa hupiga kidumbaki harusini. Nyimbo huunganishwa moja kwa moja, watu wanacheza, na anayejifunza akikosea sauti moja ngoma haisimami. Cherewa na mkwasa wapeni wasiojua kitu kabisa. Ndani ya wiki chache watakuwa na mkono.

Sanduku mtalitengeneza wenyewe. Tafuteni la mbao nyembamba, yale ya chai ndiyo hasa. Lipindueni, mdomo uangalie chini, mtoboe tundu dogo katikati ya kitako. Pitisheni mshipi mnene wa kuvulia, na kwa ndani mfunge fundo juu ya bati la duara lenye tundu, maana fundo tupu litachana mbao siku ya kwanza. Ncha ya pili ifungwe juu ya fimbo. Mpigaji huweka mguu juu ya sanduku lisiruke, akasimamisha fimbo ukingoni. Akiivuta uzi unakaza na sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Mkisikia sauti butu, tazameni kama sanduku limekaa bapa sakafuni: hewa haina pa kutokea. Inueni upande mmoja kwa kipande cha mbao. Huyo mpigaji awe mtu mwenye masikio, kwani hana alama yoyote ya kumwonyesha sauti iko wapi.

Mkishazoea, ndipo muongeze udi (ala ya nyuzi), fidla za pili na tatu, akodiani, na Mungu akijaalia kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa. Hapo ndipo vikundi vingi vinapoharibika, na chanzo ni kulinganisha sauti za ala. Kila mmoja anafungua simu yake analinganisha peke yake, halafu wakipiga pamoja kunakuwa na ukakasi ambao hakuna anayejua umetoka wapi. Ukakasi huo ni wa akodiani. Ndimi zake ni za chuma, huwezi kuzikaza jioni ile, na nyingi zilitoka kiwandani juu kidogo ya kile simu inachokitaka. Basi wekeni simu mfukoni, akodiani itoe sauti ya "la", wote wafuate hiyo. Mpigaji achague kitufe cha ulimi mmoja, si kile cha sauti ya kutetemeka. Ule mtetemo ni ndimi mbili zilizotofautishwa makusudi, na fidla hazitajua zifuate upi. Mwenye kanuni aje nusu saa kabla ya wenziwe. Ala yake ina nyuzi zaidi ya sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limekalia ngozi. Unyevu wa masika ukiingia ngozi inalegea na nyuzi zote zinashuka pamoja nayo.

Kuna jambo jengine la akodiani. Maqamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, ya Rasti na Bayati yana robo sauti, na akodiani haina. Fidla inapiga sauti ya "mi" ya katikati, akodiani inapiga ya juu au ya chini, na zinagombana mbele za watu. Kwa mwaka wa kwanza chagueni nyimbo za Nahawandi, Kurdi na Ajamu. Mkitaka ya Rasti, mwenye akodiani aziruke sauti hizo, awaachie fidla na udi. Si aibu, hata kunyamaza ni kupiga.

Fidla zote zipige mahadhi yale yale. Msihangaike na sauti za kupishana, taarabu haizihitaji, na wanagenzi watatu wakienda pamoja wanasikika vizuri kuliko mmoja anayejua akiwa pekee. Baada ya mazoezi kila mtu alegeze upinde wake, la sivyo ule mti unapinda na haurudi. Kigingi kinachoteleza kipakeni chaki.

Kasi nayo. Mtu akiinuka kuwatunza wapigaji fedha, wengine wakafuata na noti mkononi, wapiga dumbaki wanapandwa na raha na wimbo unakimbia. Mwimbaji anakosa pa kuvutia pumzi, mizani inamezwa, na maneno ndiyo watu waliyoyafuata. Mkalisheni mpiga rika (tari ndogo) ubavuni mwa besi au sanduku, wao wawili ndio wenye mwendo, na dumbaki zikae nyuma yao. Teueni pia mtu mmoja, fidla ya kwanza ni bora, wa kuashiria kwa upinde wakati wa kurudi kwenye ubeti. Kipande cha ala kati ya beti hakina maneno ya kumkumbusha mtu yuko wapi.

Suala la tuzo mlipitishe kabla ya harusi ya kwanza, tena kwa maandishi. Rai yangu: zote ziingie kwenye mfuko wa klabu, zinunue nyuzi za akiba (ule mwembamba wa fidla ndio hukatika mno) na nauli za kinamama wanaoitikia, maana mazoezi huisha usiku. Na msiwaache kinamama kwenye kuitikia tu. Kikundi cha Tausi cha hapa Unguja ni wanawake watupu, wanapiga fidla, kanuni na ngoma wenyewe.

Niandikie mna fidla ngapi na mwimbaji wenu anaanzia sauti gani, nikuchagulie nyimbo tatu za kuanzia. Nisalimie mama na jamaa wote wa mtaani.

Wako,
Mbarouk