Kwa mjomba wangu: habari za luteni aliyebeba ahadi ya mkubwa wake

Shikamoo mjomba,

Siku ile barazani nilikuuliza jambo lililokutesa zaidi jeshini. Hukutaja risasi wala njaa. Ulisema ni kupeleka neno la mkubwa kwa watu wanaokuamini wewe, si yeye. Tangu hapo namfikiria Luteni Charles Gatewood, na leo nakuandikia habari zake hadharani.

Alikuwa ofisa wa Kikosi cha 6 cha Wapanda Farasi cha Marekani. Alihitimu West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, mwaka 1877, akapelekwa Arizona, akaongoza maskauti wa Kiapache, mojawapo ya makabila ya wenyeji asilia wa Amerika, na kuishi nao hadi wakambandika jina la Pua Ndefu. Mwaka 1886 askari wapatao 5,000 walimsaka Geronimo, kiongozi wa Waapache waliokataa kutawaliwa, na watu wasiofika 40, wanawake na watoto wakiwemo. Hawakumpata. Ndipo Jenerali Nelson Miles akamtuma Gatewood Mexico, huku baridi yabisi ikimla viungo, pamoja na maskauti wawili wa Wachiricahua, tawi la Waapache alilotoka Geronimo: Kayitah na Martine.

Wakaingia milima ya Sonora wakiwa wametundika kipande cha gunia la unga kwenye fimbo, ndiyo bendera yao nyeupe. Tarehe 25 Agosti, karibu na mto Bavispe, Geronimo akaja. Akaweka bunduki chini kwa mbali kidogo, akampa mkono, akamwuliza mbona amekonda hivyo. Hapo mjomba nilifunga kitabu kwanza. Mtu anayewindwa na jeshi zima anamjulia hali aliyetumwa kumchukua!

Wakavuta tumbaku. Gatewood akatoa masharti: wajisalimishe, wapelekwe Florida walipo jamaa zao. Geronimo akamwambia ajifanye Mwapache mwenzao, aseme angefanyaje. Akajibu kwamba angemwamini Miles.

Wakamsikiliza. Tarehe 4 Septemba wakajisalimisha kwa Miles kwenye bonde la Skeleton Canyon, Arizona. Wanaume wakafungiwa kwenye ngome ya Fort Pickens, Florida; wake na watoto wakapelekwa ngome ya Fort Marion, upande wa pili wa jimbo hilo. Kayitah na Martine, waliowaleta, nao wakapakiwa kwenye treni kama wafungwa! Geronimo alifia kifungoni mwaka 1909. Watu wake hawakuachiliwa hadi 1913. Sifa zilikwenda kwa Miles. Gatewood alifariki mwaka 1896, ana miaka 43, akiwa bado luteni.

Nikija likizo nitakaa nawe tena pale barazani. Nataka uniambie kama wale uliowapelekea neno ulipata kuwaona tena.

Mpwa wako