Safu ya Kiingereza itupe misemo, si orodha za maneno

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu kuhusu safu ya kujifunza Kiingereza ambayo gazeti lako huwatolea wasomaji wanaojifundisha lugha hiyo wenyewe. Nia ya safu hiyo ni njema na sina ugomvi nayo. Ninachokipinga ni mtindo wake: Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, wiki hii majina ya wanyama, wiki ijayo matunda, kisha viungo vya mwili, hadi msomaji anabaki na rundo la nomino ambazo hawezi kuzitungia hata ombi moja la adabu.

Tuanze na uteuzi wenyewe wa maneno. Mwaka 1953 mwalimu wa Kiingereza Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000, ambayo yalichaguliwa kwa kuzingatia zaidi jinsi yanavyojirudia katika maandishi, na hesabu zilizofanywa baadaye zimeonyesha kuwa maneno hayo, pamoja na minyambuliko yake, hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Sehemu kubwa ya maneno hayo haichoreki kwa picha, na nadhani ndiyo sababu waandishi wa safu kama hizi huyakwepa. Kifaru na nungunungu hupewa nafasi mapema, ilhali "enough", "already", "still", "instead" na "unless" husubiri zamu isiyofika. Mtu anaweza kuishi mwaka mzima asihitaji kumtaja nungunungu kwa Kiingereza, lakini ni vigumu azungumze kwa muda mfupi tu bila kuhitaji "still" au "already".

Hata mpango wa kuyakusanya maneno kwa jamii zake, ambao huonekana kuwa wa busara, una kasoro. Uchunguzi ambao mtafiti wa ujifunzaji wa lugha, Tinkham, aliuchapisha mwaka 1993 ulionyesha kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana, yakifundishwa kwa pamoja, hushikika kwa shida kuliko maneno yasiyohusiana, kwa kuwa huingiliana kichwani. Anayefundishwa "borrow" na "lend" siku moja hupata taabu maradufu, maana Kiswahili humruhusu anayetoa na anayepokea wote wawili kusema wameazima. Ingekuwa heri azoee kwanza "Can I borrow your pen?" mpaka imtoke bila kufikiri, halafu wiki kadhaa baadaye akutane na "Could you lend me your pen?" kama jambo jipya.

Lakini hoja yangu kubwa ni misemo. Mwaka 1930 mtaalamu wa lugha wa Uingereza C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chake kilichopunguzwa hadi maneno 850, ambacho kilikuwa na vitenzi 18 tu, vikiwemo "put", "get", "give", "take" na "go". Kwa mtazamo wa haraka, mtu angedhani hiyo ni kazi ya miezi michache. Ugumu ulikuwa umejificha, kwa sababu vitenzi hivyo vichache vililazimika kufanya kazi ya maelfu kwa kuambatana na vijineno vidogo kama "up", "off" na "with", na maana inayozaliwa hapo mara nyingi haitabiriki. Anayejua "put", anayejua "up" na anayejua "with" bado hajui kwamba "put up with" ni kuvumilia. Vivyo hivyo "give up" ni kukata tamaa au kuacha jambo, "look after" ni kutunza, "run out of" ni kuishiwa, na "turn up" ni kutokea mahali, pengine bila kutarajiwa. Sisi wenyewe hatupaswi kushangaa: mgeni aliyekariri kuwa kupiga ni kuchapa atakuwa na maswali mengi siku atakaposikia tumepiga pasi, tumepiga simu na tumepiga mswaki.

Mwanafunzi anayepewa neno pweke hulazimika kulijengea sentensi yeye mwenyewe, na matofali aliyonayo ni ya Kiswahili. Ndiyo maana tunasikia "I have twenty years" kutoka kwa mtu anayetaka kusema umri wake, na "I am hearing cold" kutoka kwa anayesikia baridi. Hajakosea neno hata moja. Kila neno liko kwenye kamusi. Kilichomponza ni kwamba hakuna aliyempa "I'm twenty" na "I'm cold" zikiwa nzima. Ndivyo ilivyo pia kwa "make a mistake", ambayo wengi huigeuza kuwa "do a mistake", na kwa "he" na "she", ambazo hazitenganishwi kwa kukariri kwamba zote mbili ni yeye, bali kwa kuzisikia tena na tena katika habari za watu wanaojulikana kuwa ni wanaume au wanawake.

Safu yako ina upungufu mwingine unaopatikana pia katika vitabu vingi vya misemo: hufundisha kuuliza na kusahau kwamba kuna mtu atakayejibu. Tunafundishwa "Where is the bus station?" na tunaitamka vizuri, kisha tunajibiwa "Just past the lights, you can't miss it", nasi tunabaki tumekodoa macho. Tunafundishwa "What time does it open?", tunaambiwa "At seven", na aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anafika saa saba mchana, mahali pakiwa pamefunguliwa tangu saa moja asubuhi. Majibu ya kawaida yanastahili kuchapishwa kando ya maswali. Zaidi ya yote ichapishwe misemo ya kujiokoa, ambayo kwa maoni yangu ingepaswa kutangulia hata salamu: "Sorry, I didn't catch that", "Could you say that again, please?", "Could you speak more slowly?" na "How do you spell that?" Mwenye misemo hii minne anaweza kuendelea na mazungumzo ambayo hayaelewi vizuri, na ndani ya mazungumzo hayo akajifunza mengine.

Kuhusu matamshi nitasema machache. Kuandika Kiingereza kwa tahajia ya Kiswahili, kama safu inavyofanya, humsaidia anayeanza, lakini humficha mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kiingereza huuhamisha, ukawa mwishoni katika "hotel" na mwanzoni katika "comfortable". Ingetosha silabi yenye mkazo ichapwe kwa herufi nzito.

Lililobaki ni marudio. Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, imejulikana kwamba mambo tuliyoyakariri hupotea kwa kasi zaidi katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kuyarudia kwa vipindi hupunguza upotevu huo. Hata hivyo, neno likishachapishwa katika safu yako halirudi tena, kana kwamba wasomaji wote wamelikata gazeti na kulibandika ukutani. Wapo wanaofanya hivyo, nami ninawaheshimu, lakini wengi wetu husoma mara moja na gazeti likaenda na njia yake.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba nafasi ileile mliyonayo, bila kuongeza hata mstari mmoja, itumike kwa mazungumzo mafupi ya watu wawili yenye misemo mitatu au minne mipya, huku misemo ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita ikirudishwa humohumo ndani ya mazungumzo hayo. Tafsiri ya Kiswahili iwe ya sentensi nzima, kwa Kiswahili ambacho mtu angekisema kweli, si neno chini ya neno. Zoezi la kujaza mapengo liendelee, kwa kuwa ni zuri, ila majibu yatoke katika toleo linalofuata. Kuyachapisha chini ya zoezi lenyewe, hata yakiwa yamepinduliwa kichwa chini, hakumzuii mtu yeyote. Sote tunageuza gazeti kwanza.

Wako mtiifu,
Msomaji anayejifunza Kiingereza